Swali la ubao wa drafti: timu za hisabati, kutoka Thika hadi Olimpiadi

Najua nimepotea kidogo. Kazi zilinibana, na mteja mmoja alitaka mfumo wake wote ubadilishwe wiki moja kabla ya kuzinduliwa. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Leo naweka kodi kando tuongee juu ya mashindano ya hisabati ya wanafunzi wa shule: yalitoka wapi, timu zinashirikije, na swali moja la mwaka 1996 ambalo mpaka leo halijatoka kichwani mwangu.

Naishi Ruiru, na Jumamosi nyingi napanda matatu hadi Thika kusaidia kikundi cha wanafunzi wa sekondari wanaopenda hisabati. Ni safari ya kama kilomita 20. Unapita Juja, kilipo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, JKUAT, kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kati kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Humo ndani kuna pia taasisi ya sayansi ya chuo kikuu cha Umoja wa Afrika, ambako vijana kutoka pande zote za bara husomea shahada za juu, hisabati ikiwemo. Kwa hiyo mtu asiniambie hisabati ni kitu cha ng'ambo. Inafanywa hapa hapa, kati ya kahawa ya Ruiru na mananasi ya Thika.

Jumamosi moja msichana wa kidato cha pili aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, nikijua jibu lakini Kiingereza kinigomee, naweza kuandika kwa Kiswahili?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Kwenye Olimpiadi ya dunia, ndiyo. Hapa kwetu, uliza kwanza." Njia nzima ya kurudi Ruiru nilikuwa nawaza juu ya jibu langu hilo. Basi hebu tuanze mwanzo.

Mwalimu na gazeti lake

Mashindano haya kwa sura tunayoijua yalianza Hungaria mwaka 1894. Mwaka huo mambo mawili yalitokea. La kwanza, chama cha wanahisabati cha nchi hiyo kilianzisha shindano la kila mwaka kwa vijana waliomaliza sekondari, kwa heshima ya mwanafizikia Loránd Eötvös aliyekuwa amefanywa waziri wa elimu. La pili, mwalimu wa shule katika mji wa Győr, Dániel Arany, alianza kuchapisha gazeti la maswali ya hisabati kwa wanafunzi. Wanafunzi walipata maswali, wakatuma majibu kwa posta, na majibu mazuri yakachapishwa pamoja na majina ya waliyoyaandika. Kwa lugha ya leo tungesema huo ulikuwa mtandao, ila pakiti zake zilibebwa na tarishi.

Waliopita katika shindano lile si watu wadogo. Theodore von Kármán, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa sayansi ya ndege na roketi, alishinda. Edward Teller, mwanafizikia, naye alishinda.

Sasa angalia jambo ambalo watu wengi hulipita. Wakati ule lugha kubwa ya sayansi katika sehemu hiyo ya Ulaya ilikuwa Kijerumani. Lakini gazeti la Arany lilikuwa la Kihangaria, na watoto waliandika kwa Kihangaria. Wasemaji wa lugha hiyo hata leo ni wachache kuliko sisi wa Kiswahili. Hawakumngoja mtoto ajue kwanza lugha ya wakubwa ndipo aruhusiwe kufikiri.

Watu sita, na wawili nyuma yao

Mwaka 1959 Romania iliandaa Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya kwanza. Nchi zilikuwa 7 tu, zote za kambi ya Mashariki: Romania yenyewe, Hungaria, Bulgaria, Poland, Czechoslovakia, Ujerumani Mashariki na Muungano wa Sovieti. Washiriki walikuwa 52. Baadaye Ulaya Magharibi wakaingia, Marekani ikaja mwaka 1974, na leo nchi zinazoshiriki zinapita 100. Tangu mwaka ule haijakosekana ila mwaka 1980.

Timu inashirikije? Nchi hualikwa, na yenyewe ndiyo huchagua wanafunzi wake kwa njia yake. Tangu mwaka 1983 timu ni wanafunzi wasiozidi 6. Kila mmoja awe hajafikisha miaka 20 na hajaanza chuo kikuu. Mtihani ni siku mbili. Kila siku kuna maswali 3 na saa nne na nusu. Kila swali lina alama 7, jumla 42. Hakuna kikokotoo. Unapewa karatasi, kalamu na rula, mengine unayo kichwani.

Linganisha na mtihani wetu wa KCSE. Karatasi moja ya hisabati ni saa mbili na nusu, na unajibu maswali 21: yale 16 ya sehemu ya kwanza na 5 unayochagua katika sehemu ya pili. Ukigawa dakika 150 kwa 21 unapata kama dakika 7 kwa swali. Kwenye Olimpiadi ni dakika 90 kwa swali. Simlaumu aliyetunga KCSE, kwa sababu ule mtihani una kazi yake. Lakini mtoto aliyefunzwa miaka minne kwamba swali lisipojibika kwa dakika 7 alikimbie, ukimpa swali la dakika 90 atadhani yeye ni mjinga. Jambo la kwanza ninalowafundisha wale wa Thika ni kukaa na swali moja Jumamosi nzima bila aibu. Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hiyo. Ndiyo mshahara wetu.

Kila mwanafunzi huandika peke yake na medali ni ya mtu, si ya nchi. Nusu ya washiriki, au chini kidogo, hupata medali, na dhahabu, fedha na shaba hugawanywa kwa uwiano wa karibu 1, 2 na 3. Mtu asiye na medali lakini aliyepata 7 kamili katika swali hata moja hutajwa kwa heshima. Jedwali la nchi unaloliona magazetini ni watu tu wanaojumlisha.

Sasa kama kila mtu ni kivyake, timu ni ya nini?

Jibu liko kwa watu wawili wanaoandamana na wale sita: kiongozi na naibu wake. Kiongozi hufika siku kadhaa kabla ya wanafunzi na huwekwa mbali nao, kwa sababu viongozi wa nchi zote ndio baraza linalochagua yale maswali 6. Maswali yakishapatikana, kila kiongozi huyatafsiri katika lugha ya wanafunzi wake, na tafsiri hizo hukaguliwa na wenzake. Mwanafunzi hupata maswali kwa lugha aliyoiomba, na huandika majibu kwa lugha yake.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Majibu yakishaandikwa, kiongozi na naibu huyasoma kwanza. Kisha huketi mezani na wasahihishaji wa nchi mwenyeji. Wasahihishaji hao mara nyingi hawaijui lugha iliyo kwenye karatasi. Kazi ya kiongozi ni kuwaonyesha, mstari kwa mstari, mtoto amesema nini: hapa ameanza hivi, hapa ametumia namba tasa, hapa ndipo uthibitisho unapofungwa. Haruhusiwi kuongeza asilosema mtoto. Lakini alilolisema, hata kama limeandikwa kwa mwandiko wa kuku, haliachwi lipotee. Wanajadiliana mpaka wanakubaliana alama.

Olimpiadi ya programu za tarakilishi, iliyoanza Bulgaria mwaka 1989, ilichukua utaratibu huo huo wa viongozi kutafsiri maswali.

Afrika iliingiaje

Algeria ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki Olimpiadi ya dunia, mwaka 1977. Kabla ya hapo kidogo, mwaka 1976, wanahisabati wa bara walikutana Rabat, Moroko, wakaanzisha Umoja wa Hisabati wa Afrika. Umoja huo ndio ulioanzisha Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika Nzima mwaka 1987. Muundo wake unafanana na ule wa dunia: siku mbili, maswali 3 kila siku, alama 7 kwa swali. Mwaka 2014 Olimpiadi ya dunia yenyewe ilifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town. Mwaka 2018 ile ya Afrika ilikuja Nairobi, na mwaka 2023 ikaenda Kigali.

Katika karatasi za Olimpiadi ya dunia utakuta maswali kwa Kiarabu. Utayakuta hata kwa Kiafrikana, lugha ya Afrika Kusini yenye wasemaji wachache kuliko Kiswahili. Nasema hivi si kwa wivu. Nasema ili ionekane kwamba mlango upo na si wa Ulaya peke yake.

Nyuma ya pikapu, 1996

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya wavulana upande wa Thika. Mashindano ya hisabati yalikuwa sikukuu yetu. Niseme ukweli, wengi wetu tulipenda zaidi soda, mkate, na kuona wasichana wa shule nyingine. Lakini sisi wanne wa timu tulikuwa tunaumwa na hisabati kweli. Tulikuwa tunakaa chini ya mti nyuma ya jiko la shule tukichora maduara kwenye vumbi mpaka kengele ya usiku.

Siku hiyo shindano lilikuwa shule nyingine upande wa Ruiru. Basi la shule lilikuwa limeharibika, kwa hiyo tulipakiwa nyuma ya pikapu pamoja na magunia ya kabeji. Kila mmoja aliandika peke yake kwa saa mbili, kisha alama za wanne zikajumlishwa kuwa za shule. Swali la mwisho lilikuwa hili:

Chukua ubao wa drafti wa miraba 64, minane kwa minane. Kata pembe mbili zinazotazamana, imebaki miraba 62. Una vigae 31, kila kimoja kinafunika miraba miwili iliyo jirani. Je, unaweza kuufunika ubao wote uliobaki? Eleza.

Mimi nilijaza ukurasa mzima. Nilichora ubao mara nne, nikajaribu hivi na vile, nikaandika kwa Kiingereza safi kwamba baada ya majaribio mengi naamini haiwezekani. Nilipewa 3 kwa 10.

Mwenzangu, ambaye jioni alikuwa anacheza drafti kwa vizibo vya soda na dereva wa shule, aliandika mistari minne kwa Kiswahili. Naikumbuka vizuri: Pembe zinazotazamana huwa na rangi moja. Mkikata mbili nyeusi, zinabaki nyeupe 32 na nyeusi 30. Kila kigae kinakula nyeupe moja na nyeusi moja, kwa hiyo 31 vinataka 31 na 31. Haiwezekani.

Huo ni uthibitisho kamili. Hakuna neno la kuongeza wala la kupunguza. Ndio uthibitisho utakaoukuta katika vitabu duniani kote. Alipewa 0, na pembeni paliwekwa alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu.

Shule yetu ilikosa nafasi ya tatu kwa alama 5. Karatasi zilirudishwa kabla ya vyeti, na nilizishika zote mkononi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kapteni. Niliiona ile 0. Niliona pia kwamba sikuielewa ile mistari minne, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kwamba hisabati haiji na sauti hiyo. Mwalimu alisema giza linaingia, tupande gari. Nikapanda.

Karibu na Juja, juu ya magunia, jamaa alitueleza tena akitumia vidole. Ndipo nikaelewa. Tulikuwa bado tunaweza kumwomba dereva arudi. Sikusema kitu.

Ile sifuri ilitoka wapi

Msahihishaji yule sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na rundo la karatasi na kiolezo cha majibu, na macho yake yalikuwa yanatafuta Kiingereza na namba. Kuna historia nyuma yake. Mwaka 1957 Nairobi ilianza kujaribu kufundisha watoto wadogo kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza njia hiyo kwa nchi nzima. Majirani zetu Tanzania walikwenda njia nyingine na kuanzia mwaka 1967 wakafundisha shule ya msingi kwa Kiswahili, hisabati ikiwemo, ingawa kwao pia sekondari hugeuka Kiingereza.

Kwetu Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la mtihani pale mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Hapo ndipo pana kichekesho. Kila aliyesoma msingi Kenya katika mfumo huo alikariri akisami: nusu, thuluthi, robo, khumusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Tulikariri maumbo: mraba, mstatili, pembetatu, duara. Maneno yote hayo ya hisabati tulifundishwa katika somo la Kiswahili, tukatahiniwa, tukapata alama. Halafu kengele ikilia, mwalimu wa hisabati anaingia, na maneno yale yanabaki nje ya mlango. Kumbe sanduku la vifaa tulikuwa nalo siku zote, tulilifungia chumba kisicho chake.

Watu wa teknolojia tumewahi kuliona hili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Wapo waliosema Kiswahili hakina maneno ya tarakilishi. Wao wakakaa, wakatafuta neno moja moja, wakaliweka kwenye menyu, na mtu akabofya. Neno linakomaa kwa kutumiwa.

Mtu atauliza, je, si heri wajifunze Kiingereza tu? Wajifunze, tena vizuri. Mimi mwenyewe kodi yangu na mikataba yangu ni ya Kiingereza. Lakini shindano la hisabati halipimi Kiingereza. Likianza kukipima kimya kimya, litakuwa linatoa medali kwa kitu kimoja na kuandika cheti cha kingine.

Mashindano yetu ya wilaya na ya shule yalichukua karibu kila kitu kutoka Olimpiadi: karatasi, saa, timu, vyeti, hata wimbo wa taifa. Kitu kimoja kiliachwa njiani, nacho ni yule mtu anayeketi mezani kusema, ngoja, hebu tusome alichoandika huyu mtoto. Na hicho ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Hakitaki pesa, kinataka meza, viti viwili na nusu saa kabla ya vyeti.

Jumamosi za sasa

Pale Thika tumeanza hivyo. Maswali yanakuja na lugha mbili. Nayatafsiri usiku wa Ijumaa, na wanafunzi wananisahihisha, maana wengine Kiswahili chao ni kizuri kuliko changu. Wakimaliza kuandika, kila mmoja anampa mwenzake karatasi, na mwenzake ndiye anayesimama kuitetea mbele yetu. Haruhusiwi kuongeza lisiloandikwa. Yule msichana wa kidato cha pili ni mkali sana katika kutetea. Wiki iliyopita alimpigania mwenzake alama 2 kwa dakika ishirini, na alikuwa na haki.

Yule rafiki yangu leo ana duka la vifaa vya ujenzi Makongeni. Mwezi jana nilipita kununua misumari nikamkumbusha lile swali. "Wewe bado unakumbuka hiyo kitu?" akacheka. Nikamweleza juu ya viongozi wa timu, jinsi wanavyokaa na wasahihishaji wasiojua lugha ya mtoto. Aliacha kupima misumari.

"Kumbe kuna mtu kazi yake ni hiyo?"

Nikamwambia yupo, na kwamba siku ile alipaswa kuwa mimi au mwalimu. Aliangalia mizani kidogo, akaongeza misumari mitatu juu ya kilo yangu, akaita mteja aliyefuata.

Kabla hatujaagana, chukueni na nyinyi swali. Rudi kwenye ubao wa drafti. Safari hii usikate pembe. Kata mraba mmoja mweusi na mmoja mweupe, popote upendapo. Vigae 31 vitautosha ubao uliobaki kila mara, hata ukichagua miraba ya ajabu namna gani. Thibitisha. Dokezo: tafuta njia inayopita katika miraba yote 64, kila mmoja mara moja, na kurudi ilikoanzia. Una dakika 90. Andika kwa lugha yoyote.